MARHAMU NI SABABU, MPONYAJI NI ALLAH
Maneno kwa vijana na wazazi juu ya kumtibu aliyeungua

(Mada hii ilitolewa katika darsa ya vijana na familia mwezi wa Ramadhani. Tumeiandika karibu kama ilivyosemwa.)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu yangu katika imani, Ramadhani ni mwezi wa Qur'ani, wa visimamo vya usiku na wa sadaka. Lakini tuseme ukweli, ni mwezi wa jiko pia. Tangu Alasiri karai liko motoni. Huku viazi, huku bhajia, huku kaimati, na kando uji unatokota kwenye sufuria. Watoto wana njaa na furaha, wanazunguka miguuni mwa mama. Saa tisa za usiku mtu anaamka kutayarisha daku, usingizi bado umo machoni. Kabla ya Tarawehe chetezo kinawekwa sakafuni na makaa mekundu ili nyumba inukie udi. Hapo sekunde moja tu inatosha. Mtoto anavuta mkono wa sufuria, leso inashika moto, na furaha yote inageuka kilio.

Na mtu akiungua kwetu, utasikia nyumba nzima inauliza swali moja: "Tumpake nini?" Huyu anakimbilia dawa ya meno, yule anavunja yai, jirani anakuja na unga wa ngano, mwingine anasema mafuta ya kupikia. Wote wana nia njema. Hakuna hata mmoja anayemtakia mtoto mabaya. Lakini nia njema bila elimu inaweza kumzidishia mgonjwa maumivu.

Basi leo nataka ushike maswali matatu, kwa mpango wake. La kwanza: maji yako wapi? La pili: kidonda kina kina gani? La tatu, na ni la tatu tu: tumpake nini? Ukivuruga mpango huo, hata marhamu bora duniani haitakusaidia.

MAJI YAKO WAPI?

Ngozi ikishaungua, joto halitoki mara moja. Linabaki ndani ya nyama na kuendelea kuchoma, hata kama sufuria imeshaondolewa. Mafuta ya kukaangia bhajia hufikia joto la nyuzi 180 hivi. Maji ya nyuzi 60 tu, ambayo hata hayajachemka, yanaweza kuichoma ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache. Ngozi ya mtoto ni nyembamba zaidi.

Kwa hivyo dawa ya kwanza ni maji safi ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, kwa dakika 20. Si dakika mbili. Tazama saa. Kama hakuna bomba, mwagia kwa kata kutoka kwenye ndoo, taratibu, bila kukoma. Hata kama umechelewa, maji bado yanasaidia ndani ya saa tatu za mwanzo. Barafu usiweke, kwa sababu nayo inaumiza ngozi iliyokwisha kuumia.

Wakati maji yanamwagika, vua nguo iliyoloa maji ya moto au mafuta, vua pete na bangili kabla mkono haujavimba. Nguo iliyogandamana na ngozi usiivute, wacha daktari aishughulikie. Mfunike mgonjwa sehemu zilizobaki asipate baridi, hasa mtoto mdogo. Dakika 20 zikiisha, kifunike kidonda kwa kitambaa safi kisicho na nyuzi nyuzi, au plastiki safi ya kufunikia chakula. Usikikaze.

Wala usidhani haya ni mambo mageni yaliyoletwa na wazungu. Abu Bakr al-Razi, tabibu mkubwa wa Kiislamu aliyefariki mwaka 925, alikuwa akiwashauri watu watumie maji baridi kupunguza maumivu ya kuungua. Miaka zaidi ya elfu imepita, na sisi bado tunakimbilia dawa ya meno!

Hapa kuna ndugu hupenda kutoa hoja. Husema, "Bibi Fatma (r.a.) alitumia jivu la mkeka kumtibu babake." Ni kweli, habari hiyo imo katika Sahih Bukhari. Lakini isome yote. Siku ya vita vya Uhud, Mtume (S.A.W.) aliumia usoni na damu ikawa inatoka. Sayyidna Ali (r.a.) alileta maji kwa ngao yake, na Bibi Fatma akaanza kwa kuosha. Alipoona damu inazidi ndipo alipochoma kipande cha mkeka na kuweka jivu, na damu ikasimama. Basi walianza na maji, wakatazama jeraha, kisha wakatumia kile kilichofaa jeraha lile. Lile lilikuwa jeraha la kutoka damu, si la moto. Ukipaka jivu kwenye ngozi iliyoungua unaingiza uchafu mahali ambapo mlango umeachwa wazi.

KIDONDA KINA KINA GANI?

Hapa ndipo siri ya marhamu ilipo, kwa hivyo nisikilize vizuri.

Ngozi ina tabaka. Kuna kuungua kwa juu juu tu: ngozi inakuwa nyekundu, inauma, lakini haitoki malengelenge. Hii hupona kwa siku chache, kwa kawaida bila kovu.

Kuna kuungua kunakoingia tabaka ya pili. Hapo malengelenge hutoka, kidonda kina majimaji na kinauma sana. Usiyatumbue malengelenge nyumbani. Kidonda cha aina hii, kikiwa si cha ndani sana, hupona kwa wiki mbili au tatu. Kwa nini hupona? Kwa sababu chini yake mashina ya nywele na vijifuko vya jasho bado viko hai, na kutoka humo ngozi mpya huchipua, kama majani yanavyochipua baada ya shamba kufyekwa mizizi ikabaki.

Halafu kuna kuungua kunakomaliza ngozi yote. Mahali hapo huonekana peupe, au peusi, au pagumu kama ngozi ya ngoma. Na ajabu ni kwamba katikati pake huenda pasiume, kwa sababu mishipa ya fahamu imeungua. Watu hudanganyika hapo. Wanasema, "Alhamdulillah, hasikii maumivu, ni kitu kidogo." Kumbe ndiyo hatari yenyewe. Mizizi imeungua. Hakuna marhamu inayoweza kuotesha ngozi mahali ambapo mizizi haipo. Kidonda kikiwa kikubwa, tiba yake ni upasuaji: ngozi iliyokufa huondolewa, na ngozi nyembamba huchukuliwa kutoka sehemu nyingine ya mwili wa mgonjwa, kama paja, na kupandikizwa hapo.

Pia pima ukubwa. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake ni kama sehemu moja kati ya mia ya mwili wake. Mtoto akiungua zaidi ya viganja 10, au mtu mzima zaidi ya viganja 15, mwili wake hupoteza maji kwa kasi na anahitaji kutiwa maji kwa mshipa. Kwa hesabu ambayo madaktari wameitumia kwa miaka mingi, mtu wa kilo 60 aliyeungua asilimia 30 anaweza kuhitaji lita 7 hivi katika saa 24 za mwanzo, na nusu yake ndani ya saa 8 tangu alipoungua. Saa hizo huanzia dakika aliyoungua, si dakika aliyofika hospitali. Unaona sasa ubaya wa kukaa nyumbani mpaka asubuhi mkibishana mpake nini?

Na hata kama sehemu ni ndogo, mpeleke hospitali bila kungoja akiungua uso, mikono, miguu, sehemu za siri au viungo vinavyokunja, au kidonda kikizunguka mkono au mguu mzima. Mpeleke akiungua kwa umeme au kwa kemikali, akivuta moshi, au akiwa mtoto mchanga au mzee. Huko pia ataangaliwa kama anahitaji sindano ya pepopunda.

TUMPAKE NINI?

Sasa tumefika kwenye marhamu. Kidonda kikishaoshwa, kikatazamwa na mwenye ujuzi, na ikajulikana ni cha aina ile inayoweza kuchipua ngozi, marhamu ina kazi kubwa. Inakifanya kidonda kisikauke, maana ngozi mpya hutambaa vizuri mahali penye unyevu. Inapunguza maumivu. Na nyingine huzuia vijidudu.

Inayojulikana sana katika hospitali zetu ni ile krimu nyeupe ya silva sulfadiazini. Imetumika tangu miaka ya 1960, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ina nguvu dhidi ya vijidudu. Lakini usiipake kabla daktari hajaona kidonda, kwa sababu huacha utando unaoficha kina chake. Kila unapobadilisha, ya zamani huoshwa kwanza, haipakwi juu kwa juu. Na haifai kwa kila mtu: mtoto mchanga, mama mwenye mimba iliyokaribia kuzaa, na mtu anayedhurika na dawa za salfa, hao wasipakwe bila daktari. Tena kwa vidonda vya juu juu, utafiti umeonyesha kwamba inaweza hata kuchelewesha ngozi mpya ikilinganishwa na tiba nyingine za kufunika kidonda. Ndiyo maana siku hizi baadhi ya madaktari hawaiandiki kila mara.

Nyingine ni MEBO, ambayo jamaa zetu wanaotoka Dubai au Umra hutuletea. Ilianzishwa China na daktari Rongxiang Xu, na katika nchi za Ghuba hutengenezwa na kiwanda cha Julphar cha Ras Al Khaimah. Ndani yake mna mafuta ya ufuta na nta ya nyuki. Utafiti uliofanywa Singapore kwa wagonjwa zaidi ya 100 wenye vidonda vya tabaka ya pili ulionyesha kwamba inalingana na tiba ya kawaida ya hospitali. Inalingana. Sikusema inafanya miujiza. Usiisikie sifa yake ukamficha mgonjwa wako nyumbani na kidonda cheupe kisichouma.

Na asali je? Mwenyezi Mungu ametutajia katika Sura An-Nahl, aya ya 69, kwamba katika kinywaji kitokacho matumboni mwa nyuki mna ponyo kwa watu. Sisi tumeamini kabla ya maabara. Na maabara nayo imekuja ikathibitisha sehemu yake: watafiti waliokusanya majaribio mengi waliona kwamba vidonda vya moto visivyo vya ndani sana, vikifungwa kwa asali, hupona siku nne au tano mapema kuliko vikifungwa kwa baadhi ya bandeji za kawaida. Lakini asali iliyotumika hospitali ni asali iliyosafishwa kwa ajili ya vidonda. Ile ya chupa ya barabarani hujui imechanganywa sukari guru au maji gani. Kumheshimu nyuki aliyetajwa ndani ya Qur'ani ni pamoja na kutomsingizia sukari ya duka.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameteremsha na dawa yake. Wako wanaoichukua hadithi hii kuwa ni ruhusa ya kupaka chochote. Hebu ifikirie tena. Kama kila ugonjwa una dawa yake, basi kazi yetu ni kutafuta ile iliyo yake, si yoyote iliyo karibu.

Na kuna hadithi nyingine, imo katika Sunan Abu Dawud, ya kuogopesha. Maswahaba walikuwa safarini, mmoja wao akapasuliwa kichwa kwa jiwe. Akapata janaba usingizini, akawauliza wenzake kama anaweza kutayamamu. Wakamwambia hapana, maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alipopata habari alikasirika sana, akasema kwamba wao ndio waliomuua, na akauliza kwa nini hawakuuliza ilhali hawajui. Ewe ndugu yangu, unayesema "mpake hivi" bila kujua, jiangalie. Unaweza kuubeba mzigo usiouona.

KUPONA NI SAFARI

Kidonda kikifunga, watu husema amepona. Bado. Kovu la moto huendelea kubadilika kwa mwaka mmoja, hata miwili. Linawasha, linainuka, linakaza. Mtoto aliyeungua kiwiko akiachwa aukunje mkono kwa sababu ndivyo anavyopata nafuu, ngozi itakaza hivyo hivyo na mkono hautanyooka tena. Shingo nayo inaweza kushikana na kifua. Kwa hivyo mazoezi ya kunyoosha viungo ni tiba sawa na marhamu, tena huanza mapema, kwa maelekezo ya hospitali. Yanauma. Mtoto atalia, na mama atataka kumuonea huruma. Huruma ya kweli hapo ni kumnyoosha.

Kovu likishafunga, lipakwe mafuta yasiyo na manukato ili lisikauke, likandwe taratibu, na lisipigwe na jua kali. Na mgonjwa ale. Mwili unaojenga ngozi unahitaji protini nyingi: mayai, samaki, maziwa, maharagwe, kunde, dengu. Yale mayai tuliyotaka kumpaka, tumlishe.

Gharama ni mtihani mwingine. Hakikisha familia yako imesajiliwa katika bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024, kabla ya shida kuja. Na msikiti ukichangisha, tusisahau kwamba nauli ya kwenda kufanyiwa mazoezi, mara mbili kwa wiki kwa miezi kadhaa, huishinda familia hata zaidi ya dawa.

IBADA YA ALIYEUNGUA

Baadhi ya wagonjwa huona vibaya kula mchana wa Ramadhani. Mwambie mgonjwa wako kwamba ruhusa ya kutofunga imo ndani ya Sura Al-Baqara, aya za 184 na 185. Aliyeungua vibaya anahitaji maji na chakula mchana na usiku. Kuipokea ruhusa ya Mola wake nako ni ibada. Atalipa siku nyingine akipona, na ikiwa haitarajiwi apate nguvu, amuulize sheikh juu ya fidia.

Swala haiachwi, lakini imefanywa nyepesi. Kama kidonda kimefungwa na maji yanadhuru, kuna kupangusa juu ya bandeji, na kuna kutayamamu. Asiyeweza kusimama aswali amekaa, asiyeweza kukaa aswali amelala. Muulize sheikh wako namna inayomfaa mgonjwa wako. Umeona yaliyompata yule swahaba kwa kukosa wa kuulizwa.

Na familia zilizopoteza mtu kwa moto zisikate tamaa. Tukumbuke Sachangwan, Januari 2009, na Sinai pale Nairobi, Septemba 2011, ambako watu wengi waliungua walipokwenda kuteka mafuta yaliyomwagika. Mtume (S.A.W.) amemtaja anayekufa kwa moto miongoni mwa wanaopata daraja la shahidi. Hiyo ni faraja kwa waliofiwa. Si ruhusa kwa kijana kuchukua mtungi na kukimbilia lori la mafuta lililopinduka.

SISI TULIOBAKI WAZIMA

Nataka niseme na wewe kijana. Kuna jeraha ambalo hakuna marhamu ya duka inayoliponya, nalo ni macho ya watu. Dada aliyeungua uso huacha kuja madrasa. Si kwamba hawezi kutembea. Amechoka kutazamwa, amechoka kusikia "masikini", amechoka kuambiwa na wanawake harusini kwamba hataolewa. Kijana mwenye mikono ya makovu hupeana salamu na watu wakaurudisha mkono haraka. Kovu la moto haliambukizi! Mpe mkono, ushike, mtazame machoni, zungumza naye habari za mpira au za masomo kama unavyozungumza na mwenzako. Hiyo ndiyo marhamu uliyo nayo wewe, na haihitaji cheti cha daktari.

Na tuzuie kabla ya kutibu. Ilitokea Madina nyumba ikaungua usiku na wenyewe wamo ndani. Mtume (S.A.W.) akawaambia maswahaba kwamba moto ni adui yao, wauzime wanapolala. Basi zima mshumaa na koroboi stima zikipotea. Funga mtungi wa gesi. Jiko la makaa usiingie nalo chumbani mwa kulala. Mikono ya sufuria igeuzwe ndani. Chetezo kiwekwe juu, mbali na buibui na watoto. Weka mstari jikoni ambao mtoto havuki mpaka adhana ya Magharibi. Na wewe kaka unayengoja futari sebuleni ukitazama simu, inuka uwashike watoto, mama apike kwa utulivu. Hiyo nayo ni sadaka.

Tumuombe Mwenyezi Mungu, Mola wa watu, aondoe maradhi na awaponye wagonjwa wetu kwa ponyo lisiloacha ugonjwa. Awape subira walioungua, awalipe kheri wauguzi na madaktari wanaowahudumia, na atukinge sisi na familia zetu na moto wa dunia na moto wa Akhera. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.